Theluji Iliyokwisha Kukanyagwa

Uhakiki huu unahusu picha chache za jiji la New York wakati wa baridi. Nyingine ni za kamera, nyingine ni za rangi, na zote zilitengenezwa kati ya mwaka 1893 na 1960. Nimezitazama katika vitabu vya maktaba yetu na katika tovuti za makumbusho yanayozihifadhi. Swali langu ni moja: theluji inapoliangukia jiji kubwa, uzuri wake unakaa wapi? Nilipoileta mada hii kwenye semina, karibu darasa zima lilijibu kwamba uzuri unakaa kwenye weupe. Theluji hufunika takataka, hunyamazisha kelele, na kwa saa chache jiji zima huwa kama limefuliwa. Sikubaliani na jibu hilo. Kwa maoni yangu picha zinazousifia weupe ndizo dhaifu kuliko zote, na uzuri wenyewe huanza pale theluji inapokuwa imekwisha kukanyagwa, imechotwa kwa beleshi, imechanganyika na matope. Nitalitetea dai hilo kwa picha zenyewe, kisha nitalijibu pingamizi zito la mwenzangu mmoja wa darasa.

Lakini kwanza maneno, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili kina "theluji", iliyotoka Kiarabu, na "barafu", ambayo asili yake ni Kiajemi. Kinachofurahisha ni kwamba kwa Waajemi neno hilo la pili ni jina la theluji yenyewe, ile inayoanguka kutoka angani. Waswahili walipolipokea wakalipa kazi ya kile kitu kigumu kinachowekwa kwenye samaki na kwenye soda. Watu wa pwani, ambao hawakuwa na theluji mlangoni, wakawa na maneno mawili yaliyogawana kazi vizuri kabisa. Neno nisilolipenda ni "kipupwe", ambalo wafasiri wengi hulitumia kwa majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Kipupwe cha pwani ni msimu wa upepo wa kusi. Mtu huongeza kanga ya pili akalala vizuri. Ukimwambia msomaji wa Mombasa kwamba wakati wa kipupwe mtu aliganda njiani akafa, picha hiyo inagoma kukaa kichwani mwake. Kwa hiyo humu nitasema majira ya baridi, au baridi tu.

Tena si kweli kwamba theluji ni ngeni kwetu sote. Mimi natoka Kasese, magharibi mwa Uganda. Mji wetu ni wa joto na vumbi, lakini asubuhi ambayo mawingu yamefunguka, vilele vya Rwenzori huonekana vyeupe juu ya mabati ya nyumba. Kilele kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Wakonzo huiita theluji nzururu, na neno hilo limo ndani ya jina la Rwenzururu. Hata hivyo theluji ya mlimani ni ya kutazamwa. Haimzuii mtu kufungua duka, wala hakuna kibarua anayelipwa kuiondoa. Nadhani ndiyo sababu huwa tunaiwazia kuwa kitu safi: tumeizoea ikiwa mbali. Theluji ya jiji huwaangukia watu waliokuwa na shughuli zao.

Picha ya kwanza ni ya Alfred Stieglitz, "Winter, Fifth Avenue", ya mwaka 1893. Stieglitz alizaliwa Marekani, akasoma Ujerumani, akarudi New York mwaka 1890. Tarehe 22 Februari 1893 alisimama kwa saa tatu katika barabara ya Fifth Avenue, dhoruba ikimpiga, akiwa na kamera ya mkononi. Wapigapicha wenye heshima zao wakati huo waliidharau kamera ya namna hiyo. Picha nzuri, kwa imani yao, ilitaka kamera kubwa iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu. Yeye alikuwa akingoja gari la farasi lifike mahali alipopataka. Lilipofika akapiga mara moja. Inasimuliwa kwamba wenzake walipoiona negativu walimshauri aitupe, kwa kuwa haikuwa kali. Kila kitu kilikuwa na ukungu.

Ukungu huo ndio picha yenyewe. Majengo ya pande mbili yanayeyuka ndani ya theluji inayoanguka. Katikati anakuja mwendeshaji gari, mweusi tii dhidi ya kijivu, farasi wake wakivuta kwa shida. Mbele yao, kuelekea kwetu sisi watazamaji, kuna mifereji ya magurudumu iliyochimbwa katika theluji. Hebu msomaji aiondoe mifereji hiyo kwa mawazo. Kitakachobaki ni kadi ya Krismasi. Mistari ile myeusi iliyopinda ndiyo inayolifanya jicho lisafiri, na ndiyo inayotuambia kwamba kabla ya gari hili yamepita mengine, na kwamba siku ya dhoruba jiji halikulala. Stieglitz alitafuta weupe, lakini kilichomwokoa ni uchafu wa magurudumu.

Nasema "kilichomwokoa" kwa sababu namshuku kidogo. Mwaka 1897 aliandika makala kuhusu kamera ya mkononi, akaeleza bila kificho kwamba mara chache sana hutumia negativu nzima. Huchagua sehemu, akaikuza, nyingine akaiacha. Picha hii pia ilikatwa hivyo. Si dhambi, kila msanii hukata, hata mtunzi wa shairi hukata. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza kinachoachwa nje ni nini, na kwa faida ya nani.

Swali hilo lina uzito kwangu kwa sababu ya dada yangu. Yuko Boston, mwaka wake wa sita sasa, na kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kila majira ya baridi hututumia picha za theluji kwenye simu: mti uliobeba theluji kwenye matawi, ngazi za nyumba ambazo hakuna aliyezikanyaga, dirisha lenye taa ya njano. Mama huzionyesha kwa majirani. Miaka yote hiyo sijaona picha moja aliyoipiga saa 11 alfajiri akingoja basi, na saa 11 ndiyo saa anayotoka. Nilipomwambia kwamba ninaandika insha juu ya uzuri wa theluji ya mjini alinijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka: "Mdogo wangu, ukitaka uzuri wake njoo kabla gari la kuisukuma halijapita. Baada ya hapo ni ukuta wa tope lililoganda mlangoni mwako, na ni wewe na beleshi lako." Kisha akaongeza kwamba kule huimwaga chumvi barabarani kwa malori. Hilo lilimchekesha zaidi kuliko yote, maana sisi ni watu wa wilaya yenye Katwe, ambako watu husimama ndani ya maji makali ya ziwa ili waipate chumvi hiyo.

Simlaumu. Anawatumia nyumbani kile kitakachowapa usingizi. Ila baada ya kumsikiliza niliziangalia picha za New York kwa macho mengine, nikaanza kuuliza kila moja: aliyeishika beleshi yuko wapi?

Katika "Late Afternoon, New York, Winter" ya Childe Hassam, iliyochorwa mwaka 1900 na ambayo sasa iko Brooklyn Museum, hayupo. Ni picha ya ustadi mkubwa. Jioni imetiwa rangi ya samawati na zambarau hafifu, magari ya farasi yanapita taratibu, theluji inaanguka kama pazia la kitambaa chepesi. Unaipenda mara moja, na baada ya dakika mbili huna la kuisemea. Hakuna kitu ndani yake kinachoshindana na kingine. Baridi haimuumi mtu yeyote. Nina hakika itapendwa na hoteli nyingi.

Miaka miwili baadaye Robert Henri alichora "Snow in New York", na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu naiona kuwa picha bora kuliko zote nilizozitazama. Iko National Gallery of Art mjini Washington. Juu ya turubai pameandikwa tarehe, 5 Machi 1902, na wahakiki wameona katika tarehe hiyo dalili kwamba aliimaliza kwa kikao kimoja. Henri hakuchagua barabara ya kifahari. Alichagua mtaa wa pembeni, nyumba za kawaida za matofali ya kahawia upande huu na huu, na nyuma yake majengo marefu yasiyo na la kujivunia. Anga ni kipande chembamba cha kijivu kilichobanwa juu. Chini kuna gari la farasi na watu wachache ambao nyuso zao hazionekani.

Sasa tazama theluji yake. Juu ya kingo za nyumba bado imebaki na weupe, lakini barabarani imekwisha kuwa ya kahawia, ya kijivu, mahali pengine karibu na nyeusi. Alama za magurudumu zimepigwa kwa mikwaruzo ya brashi iliyojaa rangi nzito, na rangi hiyo imeachwa ikiwa imevurugika, kama tope lenyewe lilivyovurugika. Namna ya kuchora na kitu kinachochorwa vimekuwa jambo moja. Katika madarasa yetu tumefundishwa kutenganisha fani na maudhui, tukaweka kila kimoja kwenye safu yake, fani kushoto na maudhui kulia. Mtaa huu wa Henri ni mfano mzuri wa kazi inayokataa kukatwa hivyo. Brashi ndiyo gurudumu. Ukisema alichora theluji chafu umesema kweli, na ukisema alichafua rangi ili apate theluji umesema kweli hiyo hiyo.

Tena picha ni tulivu. Hilo lilinishangaza. Nilitegemea kwamba mchoraji akiuacha weupe atatupa huzuni au hasira, lakini kuta za nyumba zimesimama wima kwa utaratibu, mistari ya paa inakutana mbali, na unahisi ule ukimya ambao watu wa nchi za baridi huusimulia, wakati theluji inapozimeza sauti za miguu na za magurudumu. Ukimya huo hautoki kwenye usafi. Unatoka kwenye unene wa theluji, na unene unabaki hata matope yakiingia. Ndiyo maana nasema jibu la darasa langu lilikosea mahali: lilidhani kinacholituliza jiji ni rangi.

Henri alikuwa mwalimu, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa George Bellows, kijana aliyetoka Columbus, Ohio, akafika New York mwaka 1904. Mwaka 1911 Bellows alichora "Snow Dumpers". Jina lenyewe linataja watu: wamwaga theluji. Ili kuielewa picha hii lazima turudi nyuma kidogo. Machi 1888 dhoruba iliangusha zaidi ya sentimita 50 za theluji juu ya New York, upepo ukairundika hadi madirishani, nyaya za simu na umeme zikaanguka barabarani. Watu wapatao 400 walikufa katika pwani ya mashariki ya Marekani, karibu nusu yao New York. Baada ya hapo jiji lilizizika nyaya chini ya ardhi. Mwaka 1895 George Waring alikabidhiwa idara ya usafi wa barabara, ambazo hadi wakati huo ziliachwa na theluji iliyochanganyika na taka na mavi ya farasi. Akawavalisha wafagiaji sare nyeupe, watu wakawapa jina la Mabawa Meupe. Kila dhoruba ilihitaji maelfu ya mikono na mikokoteni ya farasi, na theluji iliyokusanywa ilikuwa na mahali pamoja pa kwenda: mtoni.

Bellows anatuonyesha mwisho huo wa safari. Farasi wamesimama na mikokoteni yao ukingoni mwa East River, vibarua wanamwaga, maji meusi yanapokea. Miili imepinda kwa uzito. Theluji ambayo kwa Hassam ni pazia, hapa ni mzigo, kama mchanga au kama mawe. Lakini si picha ya malalamiko; ina nguvu, karibu ina furaha, na weupe uliobaki kwenye mikokoteni unang'aa zaidi kwa kuwa unakaribia kutupwa. Kasoro yangu kwake ni moja. Vibarua wake ni kundi. Nimetafuta mtu mmoja ambaye ningemtambua nikikutana naye kesho yake, sikumpata. Bellows alipenda mwendo wa kazi kuliko mfanyakazi, na mara nyingine hata waandishi wetu wa riwaya za wavujajasho wameangukia hapo hapo.

Sasa pingamizi. Mwenzangu, ambaye ni Mrundi na hapendi kupepesa maneno, alisema hivi kwenye semina: ikiwa theluji huua, na wanaokufa ni wasio na kuni wala koti, basi kutafuta uzuri ndani yake ni anasa ya mtu aliye upande wa ndani wa dirisha. Alisema pia kwamba mimi ninayetetea matope nafanya anasa ile ile kwa njia ya kijanja zaidi, kwa sababu nayageuza mateso ya kibarua kuwa rangi ya kahawia yenye kupendeza. Darasa lilinyamaza. Mwalimu aliniangalia mimi.

Nusu ya hoja yake naikubali. Dirisha lipo. Saul Leiter, mpigapicha aliyeishi East 10th Street na kupiga picha za rangi wakati wenzake wengi waliamini rangi ni ya matangazo ya biashara, alilikubali dirisha hilo na kulitia ndani ya picha. Katika "Snow" ya mwaka 1960 tunamwona mtu wa nje kupitia kioo kilichoingia ukungu na kutiririka maji. Huwezi kuitazama bila kujua kwamba umesimama ndani, penye joto, na kwamba pumzi za walio ndani ndizo zinazokuzuia kumwona vizuri. Kwangu huo ni uaminifu. Hassam naye alikuwa na dirisha lake, ila alilifuta.

Nusu ya pili siikubali. Kama uzuri ungekuwa sukari inayopakwa juu ya shida, ingekuwa kweli kwamba mhakiki mwenye adabu aukatae. Lakini katika picha hizi uzuri haukupakwa juu. Mifereji ya Fifth Avenue, mikwaruzo ya Henri, mikokoteni ya mtoni, vyote ni alama za watu waliopita na kufanya kazi. Ukiziondoa ili uwaheshimu wafanyakazi, umewaondoa wafanyakazi wenyewe, umebaki na weupe wa Hassam au na picha za dada yangu. Nilimjibu hivyo. Hakuridhika, na kwa kadiri ninavyomfahamu bado anaandaa jibu.

Nimeiacha picha moja hadi sasa kwa sababu ndiyo niliyomwonyesha yeye baada ya semina. Ni ya Stieglitz tena, ya mwaka ule ule wa 1893, inaitwa "The Terminal". Ni mwisho wa njia ya magari ya reli yaliyovutwa na farasi, sehemu ya kusini ya Manhattan. Theluji iko chini, imekanyagwa na kwato, imegeuka uji. Farasi wametoka jasho na mvuke unawapanda kutoka migongoni, mweupe kuliko theluji iliyo chini yao. Dereva, aliyevaa koti la mpira, yuko karibu nao akiwanywesha maji. Baadaye sana Stieglitz alisimulia kwamba siku zile alikuwa mpweke katika jiji alilorudia, na kwamba alipowaona farasi wale alifarijika kuona angalau wana mtu wa kuwapa maji.

Mwenzangu Mrundi aliitazama kwa muda mrefu kwenye skrini ya simu yangu, akaikuza kwa vidole viwili hadi mvuke ukawa madoa matupu. Alichosema ni kwamba dereva hakugeuka. Ni kweli, hakugeuka. Hana habari na kamera, wala na sisi. Amewaelekea farasi, ndoo iko karibu, safari ya kurudi Harlem bado inamngoja.